Mita Thelathini na Nane

Programu inaniuliza rangi ya shati.
Nyeupe, kijivu, nyeusi: nichague moja,
nibonyeze, isonge mbele.

Nimeshaipa kila ilichotaka.
Lami ya Sikonge, kuukuu, iliyokunywa vumbi.
Mwezi: haukuwepo.
(Unyamwezi hii, na mwezi haukuwepo.)
Fuso, taa mbili. Ya kulia ni ya kiwandani,
ya kushoto ilinunuliwa sokoni, imefungwa kwa waya,
imeinama kama mtu aliyedondosha sindano.
Niliipima mwenyewe kwenye ukuta wa yadi ya polisi
kwa utepe wa fundi cherehani,
mbu wakinila, afande akinimulikia kwa simu.

Sasa hili shati.
Jalada linasema jeupe.
Mjane, Kalunde binti Misana, anasema jeupe:
"Nililinunua mimi. La Idi."
Lakini Mlekwa alikuwa anatoka mizingani Ipole,
amerina usiku kucha na usiku wa pili,
moshi wa magome umemwingia hadi kwenye mishono,
na asali ikidondoka haiulizi
kama nguo ni ya sikukuu.
Likatolewa kwenye mfuko wa kaki.
Nikaliwekea kipima mwanga.
La Idi lingerudisha sitini katika mia.
Hili lilirudisha kumi na moja.
Lilinukia nyuki. Hakuna kisanduku cha kujazia hilo.

Nabonyeza.
Feni ya kompyuta inahema, chumba cha Isevya kinapata joto,
barabara inajichora: manjano, kijani, bluu ya kiza,
mwanga umemwagika kama uji kwenye sinia,
mzito katikati, pembeni maji matupu.
Mtu wangu ni mche duara wa kijivu. Hana uso.
Anasukuma baiskeli yenye madumu mawili.
Dereva anamwona kwenye mita thelathini na nane.
Kwa mwendo ule breki zilitaka sabini.
Kwa hamsini angesimama,
Mlekwa angemtukana, wangeachana.

Ripoti imekwisha hapo. Wakili anataka namba, namba hiyo.

Lakini Kalunde, tangu asubuhi kwenye kiti cha plastiki,
hakuja kuchukua namba.
"Umeweka macho ya dereva," alisema.
"Mume wangu naye alikuwa na macho. Yaweke."

Miaka tisa ya kazi hii
na hakuna aliyewahi kuniagiza hivyo.
Nikaitoa kamera kwenye kiti cha Fuso,
nikaishusha kando ya lami, kimo cha mtu,
nikaigeuza.

Giza.
Kisha, kule mwinukoni, cheche.
Kilomita moja na robo.
Ikagawanyika, zikawa mbili. Zikakua.
Miyombo ikaota vivuli, vivuli vikaanza kuzunguka,
mchanga ukang'aa, mpini wa baiskeli ukang'aa,
na vidole juu ya mpini, kimoja kimoja.
Karibu dakika nzima kwake kulikuwa mchana.
Aliiona njia. Aliiona mikono yake.
Mtu anayejiona hivyo
atajuaje kwamba haonekani?

Kalunde hakulia. Alisema, "Rudisha."
Nikarudisha.
"Tena."
Mara ya tatu aliuliza kama naweza kuzisimamisha
pale zilipokuwa bado ndogo.
Niliweza. Tukaziacha hapo,
punje mbili za ulezi juu ya kioo cheusi,
hadi umeme ulipokatika na betri ikaanza kulalamika.

Usiku ule nilirudi nyumbani kwa mwendo wa arobaini.
Aliyekuwa nyuma yangu
alinipigia honi mpaka Kanyenye.